Mashine ya Kufyekea: Namna ya Kuitumia kwa Usalama na Kuitunza

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za chombo ambacho sauti yake yasikika sasa katika vijiji vingi vya upande wetu, tangu Jaribu na Bungu mpaka Kibiti mjini, na kutoka hapo mpaka Nyamisati, Salale na Mbwera, katikati ya mito ya Delta ya Rufiji. Chombo hicho ni mashine ya kufyekea iendeshwayo kwa petroli, ile ambayo mtu huivaa begani kwa mkanda, injini ikiwa nyuma na kisu kikizunguka mbele karibu na ardhi.

Kila mwenye shamba katika nchi hii ajua sababu ya watu kuipenda. Mvua za masika zikiisha, majani husimama kifuani mwa mtu. Mwenye mikorosho hana budi kusafisha chini ya miti yake kabla ya korosho kuanza kuanguka, kwa maana korosho iliyopotea majani ni fedha iliyopotea. Mwenye mpunga huko Delta ana majani ya kingo na njia za kupitia. Mwenye shule ana uwanja, na uwanja wenye majani marefu ni maskani ya nyoka. Kazi hizo baba zetu walizifanya kwa mundu, panga na fyekeo, na sisi pia tulizifanya tulipokuwa wanafunzi. Mashine hugeuza kazi ya siku nyingi kuwa kazi ya siku chache. Lakini panga likikosea hukata mara moja, ilhali mashine hii ikikosea hukata mara nyingi kabla mtu hajapata nafasi ya kusema neno.

Yatupasa kwanza tukiri kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tulipata mashine moja ya kufyekea pale chuoni tunapowafundisha walimu. Tulikuwa walimu watatu tuliojitolea kujifunza kuiendesha. Kitabu chake cha maelezo tulikiacha ndani ya sanduku, tukasema moyoni, "Watu waliosoma kama sisi watashindwaje na chombo cha kukatia majani?" Siku ya tatu tulikuwa tukifyeka nyuma ya mabweni. Mwanafunzi mmoja alikuja kwa nyuma, kwa nia njema kabisa, akituletea maji ya kunywa. Kwa kelele za injini hatukumsikia. Mmoja wetu aliyekuwa ameivaa mashine aligeuka ghafula, na kisu kingali kikizunguka. Kilipita mbele ya goti la kijana yule kwa kadiri ya shubiri moja. Mtungi wa maji ulimponyoka ukavunjika, naye akasimama kimya, asiweze kusema neno. Wala sisi hatukuweza. Jioni ile tulikitoa kitabu sandukuni tukakisoma mpaka mwisho. Haya tutakayowaelezeni leo ni matunda ya fedheha ile.

Basi tuanze kwa kukijua chombo chenyewe, kwa maana asiyeijua hatari hawezi kujihadhari nayo. Nyuma pana injini ndogo, tangi la petroli, kabureta, plagi, kichujio cha hewa, bomba la moshi, na kamba ya kuwashia. Kutoka kwenye injini hutoka bomba refu, na ndani ya bomba hilo mna chuma kinachozunguka. Mwisho wa bomba pana giaboksi ndogo inayogeuza mzunguko huo uelekee chini, na hapo ndipo kisu au uzi wa nailoni hufungwa. Juu ya kisu, upande wa mfyekaji, pana kinga ya kuzuia mawe na vijiti visimrukie. Watu wengine huing'oa kinga hiyo, wakidai kwamba yakusanya majani. Mtu afanyaye hivyo ni kama nahodha atupaye usukani baharini ili chombo kiwe chepesi.

Wazo la kukata majani kwa uzi lilimjia Bwana George Ballas wa mji wa Houston, Marekani, mwaka 1971, alipotazama brashi za kuoshea magari zikizunguka. Alichukua kopo la bisi, akalitoboa matundu, akapitisha mshipi wa kuvulia samaki, akalizungusha kwa mashine. Wavuvi wetu wa Delta hawatashangaa kusikia kwamba mshipi waweza kukata, kwa kuwa wamekwisha kukatwa nao vidoleni. Uzi wafaa kwa majani laini na mahali penye mawe au kuta. Kisu cha chuma chenye meno matatu au manne chafaa kwa majani magumu na matete. Kisu cha duara chenye meno mengi kama msumeno ndicho cha vichaka na miti midogo. Kamwe mtu asifunge kipande cha waya, mnyororo au bati mahali pa uzi, kwa maana kipande hicho kikikatika huruka kama risasi.

Hapo labda msikilizaji ataona twatia chumvi. Basi na tufanye hesabu kidogo. Kisu chenye upana wa sentimita 25, kikizunguka mara 7,000 kwa dakika, ncha yake huenda karibu mita 92 kwa kila sekunde. Hiyo ni sawasawa na kilomita 330 kwa saa. Hakuna basi lipitalo Daraja la Mkapa kwa mwendo wa theluthi moja ya huo bila abiria kupiga kelele. Kijiwe kikiguswa na ncha hiyo hupokea nguvu nyingi sana, nacho hakichagui pa kwenda. Ndiyo sababu sharti la kwanza la kazi hii ni kwamba mtu yeyote, mkubwa kwa mtoto, asikaribie chini ya mita 15, yaani kadiri ya hatua ishirini za mtu mzima. Kuku, mbuzi na magari yaliyosimama nayo yahesabiwe. Anayetaka kusema na mfyekaji asimwendee kwa nyuma, bali azunguke mbele, asimame mbali, apunge mkono, angoje mpaka injini izimwe.

Sharti la pili ni mavazi. Macho hayana badala, kwa hiyo mtu avae miwani ya kazi, na juu yake ngao ya uso yenye wavu ikiwa anayo. Ngao ya wavu peke yake huzuia vijiti, lakini vumbi na vipande vidogo hupenya. Masikioni atie vizibo, kwa maana kelele za injini hii zikisikiwa kwa saa nyingi na siku nyingi huua usikivu polepole, na usikivu uliokufa haurudi. Miguuni avae buti ngumu. Ndara na miguu mitupu ni mwaliko wa msiba. Suruali iwe nene na ndefu. Wanaume wavaao kikoi au msuli, na wanawake wavaao kanga na ushungi, hawakatazwi kazi hii, lakini nguo yoyote inayoning'inia ifungwe barabara au ibadilishwe kwanza, kwa sababu kitu kinachozunguka hupenda kuvuta kilicho legelege. Mikononi avae glavu. Mkanda wa begani urekebishwe hata mashine ining'inie sawa, kisu kikiwa karibu na ardhi bila mtu kuinama. Na ajue mapema mahali pa kufyatulia mkanda huo kwa ghafula, asije akaanza kupatafuta siku moto umeshika tangi.

Sharti la tatu ni kulikagua shamba kabla ya kuwasha. Wenyeji wa Rufiji wajua kwamba maji ya mto yakifurika na kurudi, huacha mbolea ya udongo ifaayo kwa kilimo cha mlau, lakini huacha na takataka. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 2024, yaliyozamisha mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti, mtu angeweza kukuta majanini vipande vya nyavu, waya, chupa, mabati na visiki vilivyochukuliwa kutoka mbali. Wavu ukijizungusha kwenye kisu huweza kuisimamisha injini, au kuirusha mashine mkononi. Chupa huvunjika vipande mia. Basi mtu atembee kwanza kwa miguu, akiwa na fimbo mkononi, aokote vinavyookotwa, na visivyookotwa aviwekee alama ya kijiti kirefu chenye kitambaa. Fimbo hiyo ina faida ya pili: huwaamsha swila waondoke kwa heshima. Na katika kingo za mito ya Delta, penye matete marefu, mfyekaji aweke mwenzake wa kumtazamia kiboko na mamba, kwa kuwa mwenye vizibo masikioni, aliyeinamia kazi, hasikii maji yakichafuka nyuma yake.

Sasa tuje kwenye petroli, ambayo yataka akili kuliko nguvu. Injini za mashine hizi ni za namna mbili. Namna ya kwanza, iliyo ya kawaida zaidi, ni ya mipigo miwili. Hiyo haina mahali pa oili peke yake. Oili huchanganywa ndani ya petroli, na mchanganyiko huo ndio ulainishao injini. Namna ya pili ni ya mipigo minne, yenye mahali pake pa oili kama gari, nayo hutiwa petroli tupu. Atakayetia petroli tupu katika injini ya mipigo miwili ataiua kwa muda mfupi, kwa maana chuma kitasuguana na chuma bila mafuta. Watu wengi wamepoteza mashine zao kwa njia hii katika juma la kwanza.

Kiasi cha oili huandikwa katika kitabu au juu ya kifuniko cha tangi. Kikiandikwa 50 kwa 1, maana yake ni petroli sehemu 50 na oili sehemu 1. Tufanye hesabu tena kama darasani. Lita moja ni mililita 1,000. Ukigawanya kwa 50 wapata mililita 20 za oili. Kwa hiyo lita 5 zahitaji mililita 100. Kikiandikwa 25 kwa 1, lita moja yahitaji mililita 40, na lita 5 zahitaji mililita 200. Oili iwe ile ya injini za mipigo miwili, si oili ya gari, wala si oili iliyokwisha kutumika. Kipimo kiwe chupa yenye alama. Kukisia kwa macho kumewadanganya mafundi wazee, seuze mwanafunzi. Oili ikipungua, injini hushika na kufa. Oili ikizidi, moshi huwa mwingi na plagi huchafuka.

Petroli isichanganywe ndani ya nyumba, wala penye jiko, wala mbele ya mtu avutaye sigara. Mvuke wake hauonekani, nao ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji ya kujaa yaingiavyo mtoni, hata ukafikilia moto ulio mbali. Injini iliyotoka kazini iachwe ipoe kwanza kwa dakika kumi ndipo tangi lifunguliwe. Baada ya kutia, kifuniko kikazwe, kilichomwagika kifutwe, na mashine iwashiwe mbali na mahali pale, hatua nne au tano. Kwa ndugu zetu wa visiwani, wanaosafiri kwa mitumbwi na boti, twaomba petroli iwekwe katika galani lenye kifuniko kizuri, mbali na mafiga ya kupikia, na mashine isitiwe mafuta ndani ya chombo kikiwa majini. Moto wa nchi kavu mtu aweza kuukimbia. Moto wa katikati ya mto hauna pa kukimbilia.

Tena kuna jambo moja dogo ambalo twalisema kwa uchungu. Watu wengi huchanganyia petroli katika chupa za maji ya kunywa, kisha huziacha kivulini chini ya mkorosho. Mtoto mwenye kiu hatofautishi. Petroli ikimezwa na kuingia mapafuni huweza kuua. Basi chupa ya petroli iwe na rangi na alama yake, iwekwe juu asipofika mtoto. Na ikitokea msiba huo, mtoto asitapishwe, kwa sababu kutapika huipeleka petroli mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja.

Namna ya kuwasha ni hii. Mashine ilazwe chini mahali tambarare, kisu kisiguse kitu. Kipira cha kusukumia mafuta kibonyezwe mara kadhaa mpaka mafuta yaonekane. Injini ikiwa baridi, choki ifungwe. Mkono mmoja uikandamize mashine chini, na mwingine uvute kamba kwanza polepole mpaka ishike, kisha kwa haraka. Injini ikionyesha kutaka kuwaka, choki ifunguliwe na kamba ivutwe tena. Iachwe ipate moto kwa dakika moja au mbili. Halafu tazama kisu. Injini ikinguruma taratibu bila kutiwa mafuta, yapasa kisu kisimame kabisa. Kikiendelea kuzunguka, basi mwendo wa injini ni mkubwa mno au klachi ina kasoro. Mashine hiyo haifai kazi mpaka itengenezwe.

Sasa twafika kwenye ufundi wenyewe wa kufyeka. Tufikiri kwamba kisu kilicho mbele yetu ni uso wa saa, nasi twausoma kwa saa zetu za Kiswahili: mbele kabisa ni saa sita, kulia ni saa tisa, upande wa miguu yetu ni saa kumi na mbili, na kushoto ni saa tatu. Katika mashine nyingi kisu huzunguka kinyume cha mshale wa saa. Kwa hiyo tunakata kwa upande wa kushoto, baina ya saa mbili na saa tano, tukipitisha mashine kutoka kulia kwenda kushoto, nayo majani hulala kushoto juu ya mahali palipokwisha kufyekwa. Kisha tunarudi kulia bila kukata, tunapiga hatua moja fupi mbele, tunaanza tena. Mwendo huo ni kama wa mpiga kasia: kiuno na miguu hufanya kazi, mikono huongoza tu.

Mahali pa hatari ni baina ya saa sita na saa tisa. Sehemu hiyo ya kisu ikigusa kisiki au mti mgumu, meno hayakati, bali husukuma, na mashine nzima hurushwa kwa nguvu kuelekea kulia na nyuma. Mtu aweza kuzungushwa hata akaanguka, kisu kikamfikia aliye jirani naye. Basi kisiki kisiguswe kamwe kwa sehemu hiyo. Mti uliozidi unene wa kidole gumba uachiwe panga au shoka, isipokuwa mtu ana kisu cha msumeno na amefundishwa kukitumia. Mashine isiinuliwe juu ya kiuno kukata matawi. Katika mteremko wa ukingo, mtu afyeke akikata kwa ubavu wa mteremko, asipande na kushuka, na pakiwa pameloa umande au matope asubiri pakauke. Majani yakijisokota kwenye kisu, mtu azime injini, angoje kisu kisimame, achomoe waya wa plagi, ndipo aguse. Usimwamini mtu asemaye kwamba yeye huyatoa kwa mguu.

Penye mikorosho michanga na miche ya minazi, twashauri mashine isikaribie shina. Uzi wa nailoni waonekana laini, lakini ukipita pande zote za shina huliondoa gome kama pete. Chakula cha mti hushuka kutoka majani kwenda mizizini kwa njia ya gome; likikatwa duara zima, mizizi hufa njaa, na mti hufa ukiwa umesimama. Mwenye shamba atadhani ni ugonjwa, kumbe ni mkono wake mwenyewe. Duara la hatua moja kuzunguka shina lipaliliwe kwa jembe.

Na hapa hatuwezi kunyamaza juu ya mikoko. Msitu wa mikoko wa Delta ya Rufiji ni mkubwa kuliko mingine yote ya pwani ya Afrika Mashariki. Ndani yake kamba na samaki wachanga hupata malezi, na mizizi yake huishika ardhi isichukuliwe na bahari. Tangu mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limeandikwa katika Mkataba wa Ramsar miongoni mwa maeneo ya maji yenye thamani kwa ulimwengu mzima. Mikoko ni hifadhi, na kuikata bila kibali ni kosa. Twajua shida ya mkulima atafutaye mahali pa kupanda mpunga. Lakini zamani panga lenyewe lilikuwa na uvivu wake, nao uliukinga msitu kidogo. Mashine haina uvivu huo. Asubuhi moja yaweza kufyeka miche ya mikoko ambayo ilihitaji miaka kusimama. Basi mwenye mashine asiitoe nje ya shamba lake.

Tumalizie na utunzaji, kwa kuwa mashine isiyotunzwa ni hatari hata mikononi mwa fundi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kila siku kazi ikiisha, mashine isuguliwe kwa brashi kavu, hasa penye mapezi ya kupozea injini, kwa maana majani yakiyaziba, injini huungua. Nati zote zikazwe. Kisu kitazamwe kwa makini: chenye ufa kitupwe, hata kama ni kipya. Kisichomelewe, wala kisinyooshwe kwa nyundo. Kichujio cha hewa kifunguliwe. Wakati wa kiangazi vumbi hukiziba kwa siku moja. Kilicho cha sponji huoshwa kwa maji na sabuni, hukaushwa, kisha hutiwa matone machache ya oili ikiwa kitabu chasema hivyo. Kilicho cha karatasi hugongwagongwa tu, kisioshwe. Katika vijiji vilivyo karibu na maji ya chumvi, kisu na kinga vifutwe kwa kitambaa chenye maji baridi, vikaushwe, vipakwe oili. Maji yasimwagwe juu ya injini.

Kila juma kisu kinolewe kwa tupa. Kila jino lipigwe idadi ileile ya tupa, kumi kwa kumi, ili upande mmoja usiwe mzito kuliko wa pili. Kisu kisicho na uzani sawa hutetemesha mashine, hulegeza nati, na huwatia wafyekaji ganzi vidoleni. Ganzi hiyo isidharauliwe. Ikizoeleka huharibu mishipa ya mikono. Kwa hiyo wawili wapokezane, na kila mmoja apumzike mara kwa mara. Wakati wa kufungua kisu, mkumbuke kwamba katika mashine nyingi nati yake ina mzunguko wa kinyume: hufunguka kwa kufuata mshale wa saa. Wengi wameivunja kwa kuikaza huku wakidhani wanaifungua. Giaboksi nayo itiwe grisi kila baada ya saa 25 za kazi, au kama kitabu kisemavyo.

Kila mwezi plagi itolewe, isomwe kama barua. Ikiwa na rangi ya kahawia, injini ina afya. Ikiwa nyeusi na imeloa, oili imezidi au kichujio kimeziba. Ikiwa nyeupe, injini yapata joto kupita kiasi, na kazi isimame mpaka sababu ijulikane. Kichujio kidogo kilicho ndani ya tangi nacho kibadilishwe kikichafuka. Petroli iliyochanganywa isikae zaidi ya mwezi mmoja, kwa maana huharibika na kuacha gundi ndani ya kabureta. Msimu ukiisha, tangi limwagwe katika galani, injini iwashwe mpaka izime yenyewe, kisha mashine iwekwe mahali pakavu, kisu kikiwa kimevikwa kifuniko. Isiwashwe kamwe ndani ya ghala au chumba, kwa kuwa moshi wake una sumu isiyo na harufu. Wala isilazwe ikiwa moto juu ya majani makavu. Bomba la moshi latosha kuwasha shamba la mikorosho.

Wasikilizaji wetu, mashine hii si adui wa mkulima, wala si mchezo wa vijana. Ikiwa kikundi chenu chataka kununua moja, tengeni na fedha za miwani, buti na vizibo vya masikio siku ileile, msiseme mtanunua mbele. Mchagueni mtu mmoja ajuaye kusoma, awasomee wenziwe kitabu chake chote kabla kamba haijavutwa. Mwenda pole hajikwai.

Yule mwanafunzi aliyetuletea maji alikwisha kuhitimu, naye sasa hufundisha watoto. Goti lake ni zima. Kila tumwonapo akitembea, twakumbuka ile shubiri moja, nasi twajua kwamba haikutokana na ujuzi wetu.